Kwa Nini Mzee Aliacha Vidonge?

Ndugu msomaji, tuseme yuko mzee mmoja wa huku kwetu Mkolani. Jina lake hatulitaji, maana pengine ni jina la baba yako, au la mjomba wako, au la jirani ambaye ua wake umepakana na wako. Ana miaka 62. Siku za ujana alikuwa mvuvi; sasa ana shamba la mihogo, ana viazi, ana mbuzi wanne wanaopanda na kushuka katika miamba. Wiki moja kichwa kilimwuma siku tatu mfululizo. Mkewe akamshurutisha, wakapanda daladala mpaka hospitali mjini. Huko wakamfunga mkanda mkononi, wakajaza upepo, wakatazama, wakanyamaza kidogo, wakapima tena. Presha. Akapewa vidonge vya mwezi mmoja, akaambiwa vikiisha arudi.

Je, alirudi? Alirudi mara moja. Mara ya pili nauli haikuwapo, tena kichwa kilikuwa hakiumi. Akasema moyoni, "Mimi nimepona. Mtu mzima hamezi dawa ya ugonjwa asio nao."

Usimcheke. Akili yake ilifanya kazi sawasawa. Maisha yake yote amefundishwa na homa na kuhara na vidonda: ukiugua, hutumia dawa, dozi ikiisha na mwili ukiwa mzima, basi. Ugonjwa huja, ukatibiwa, ukaondoka kama mgeni. Presha ni ugonjwa wa namna nyingine. Hauji kama mgeni, unahamia. Tena wakaa kimya. Hata kile kichwa kilichomwuma huenda hakikuwa cha presha kabisa. Kilimsaidia tu kufika mahali penye kipimo.

Miezi saba ikapita. Alfajiri moja mkewe akamwamsha, akaona mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea kama kamba iliyoloa, na maneno yanatoka nusunusu. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliokuwa tayari kumtaja aliyeroga. Na yule aliyetajwa, maskini, alikuwa bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Hivyo kiharusi kimoja kikaumiza nyumba mbili.

Sasa nakuomba uniazime akili yako kidogo. Mtaa uleule, mwaka uleule, alikuwapo kijana mmoja aliyeugua kifua kikuu. Naye alitakiwa kumeza vidonge kila siku, kwa miezi sita, ijapokuwa kikohozi kilikwisha mapema na mwili ukanenepa. Naye alikuwa hana nauli. Naye alijiona amepona. Lakini yeye alimaliza. Kwa nini yule kijana alimaliza na mzee akaacha? Je, kijana alikuwa na busara kuliko mzee? Hasha. Tofauti ilikuwa daftari. Liko daftari lililoandikwa jina la kijana, na mtu wa kulisoma, siku asipofika, mtu yule huuliza, "Fulani yuko wapi?" Jina la mzee halikuwa katika daftari la namna hiyo. Alipopotea, hakuna aliyejua kwamba amepotea.

Daftari hilo lina historia yake, tena historia ya nchi yetu, wala hatuisimulii vya kutosha.

Zamani mgonjwa wa kifua kikuu aliondolewa nyumbani akalazwa miezi mingi. Kibong'oto, kule Kilimanjaro, pamekuwa mahali pa wagonjwa hao tangu mwaka 1926. Waliobaki vijijini walipewa dawa za mwaka mzima, wengi wakaacha katikati, kama mzee wetu. Ndipo mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Aliyesaidia kuupanga alikuwa daktari mmoja aitwaye Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye mwenyewe alipata kuugua kifua kikuu alipokuwa mfungwa katika kambi ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huyo alikuwa anajua kikohozi kile kwa mwili wake.

Yeye na madaktari wa Kitanzania hawakujenga majumba makubwa. Dawa ilitolewa katika vituo vya kawaida vya afya, vilevile ambavyo mama hupeleka mtoto kupimwa. Kila wilaya ikapata mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Mwanzo wa matibabu mgonjwa alimeza dawa mbele ya macho ya mwuguzi. Kila aliyeanza dawa aliandikwa, na kila robo mwaka wakahesabu: wale walioanza wakati fulani, wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wamehama, wangapi wametoroka? Hapakuwa na nafasi ya kuficha. Wilaya iliyopoteza wagonjwa wake ilionekana katika hesabu.

Jambo hilo laonekana dogo, kama hesabu za duka. Lakini katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo uliojaribiwa Tanzania, likauhimiza ulimwenguni pote. Mataifa makubwa yakajifunza kwetu namna ya kuandika daftari. Sijui kwa nini watoto wetu hawafundishwi habari hiyo shuleni.

Mara ya pili ilikuwa kwa UKIMWI. Wenye umri wa kutosha mwakumbuka jinsi ilivyokuwa huku kandokando ya ziwa katika miaka ya 1980 na 1990: mazishi ya vijana, nyumba za bibi na wajukuu. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa bure. Tena, angalia zilivyotolewa: kadi yenye namba, jalada, siku ya kurudi iliyoandikwa, na mtu wa kumtafuta asiyerudi. Mwanzoni zilikuwa katika hospitali kubwa kama Bugando. Kisha zikashuka mpaka vituo vya afya na zahanati. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kutunzwa, na leo wapo wazee wanaocheza na wajukuu ambao wamemeza dawa hizo miaka ishirini.

Basi nchi hii imejua mara mbili namna ya kutunza ugonjwa wa muda mrefu. Vitu vyenyewe si vingi: dawa isiyokatika, mlango ulio karibu na nyumbani, na daftari linalotambua kwamba hukuja.

Sasa tuitazame presha na kisukari.

Upimaji uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba katika kila watu wanne, karibu mmoja alikuwa na shinikizo kubwa la damu. Wenye kisukari walikuwa 9 katika kila 100. Watu hudhani hayo ni magonjwa ya matajiri wa mjini, wenye magari na matumbo. Nenda Bugando ukaone. Hospitali hiyo, iliyojengwa na Maaskofu wetu juu ya kilima, ilifunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka 1972, ikarudishwa kwa Maaskofu mwaka 1985 kwa mapatano ya kuiendesha pamoja na serikali. Tangu 2009 hadi 2011 madaktari wake waliandika habari za watu wazima zaidi ya 11,000 waliolazwa katika wodi za magonjwa ya ndani. Katika vifo vyote, presha na madhara yake ilikuwa ya pili baada ya UKIMWI. Kwa wagonjwa waliozidi miaka 50 ilikuwa ya kwanza. Wagonjwa wa Bugando watoka kila upande wa Kanda ya Ziwa, na wakulima na wavuvi wamo.

Haya, wagonjwa wapo. Je, mlango wa karibu upo? Watafiti walizungukia hospitali, vituo vya afya na zahanati 24 za huku kaskazini-magharibi mwa nchi, wakatangaza waliyoyaona mwaka 2014. Waliuliza swali jepesi: unao mwongozo ulioandikwa wa kutibu ugonjwa huu? Vituo 10 vilikuwa na mwongozo wa UKIMWI. Vya magonjwa kama presha na kisukari vilikuwa 3 tu. Vipimo na dawa za kwanza za magonjwa hayo mara nyingi vilikuwa havitoshi, na taarifa zake dhaifu. Angalia, ndugu, ni nyumba ileile, mwuguzi yuleyule, benchi lilelile. Anayekuja kwa ugonjwa mmoja ana jalada. Anayekuja kwa ugonjwa wa pili ana kikaratasi cha kununua dawa dukani.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi wenye UKIMWI wamependelewa. La! Hao wamepata kile ambacho kila mgonjwa wa muda mrefu angepaswa kupata. Tena fedha za dawa zao kwa sehemu kubwa zilitoka nje, na Januari 2025, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada, wengi walishikwa na hofu kubwa. Presha haikupata mfadhili wa namna ile. Pengine kwa sababu haitishi watu. Haiambukizi mtu wa ng'ambo.

Serikali haikulala usingizi. Ulitolewa mkakati wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza, ukafuatwa na mwingine wa 2016 hadi 2020. Na Novemba 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua huko Dodoma mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa hayo. Maneno ya karatasi hizo ni mazuri: vipimo vishuke mpaka zahanati, wauguzi wafundishwe, dawa ziwepo. Mwenye kuzipima karatasi hizo ni wewe, unapofika dirishani pa dawa.

Na hili je, linawezekana? Linawezekana. Huko Dar es Salaam na Pwani, na katika nchi jirani ya Uganda, walifanya jaribio katika vituo 32, na katika nusu yake wakawaweka pamoja wagonjwa wa UKIMWI, wa kisukari na wa presha: benchi moja, daftari moja, mwuguzi mmoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Wenye UKIMWI hawakudhurika kwa kuchanganywa na wenzao, na wenye presha na kisukari waliendelea kuhudhuria. Faida nyingine hakuna aliyeihitaji kuihesabu: watu wakiketi benchi moja, mpita njia hawezi kujua nani anaugua nini.

Kuna ugonjwa mwingine siwezi kuupita, maana ni wa kwetu hasa: selimundu, ule wa chembe za damu zenye umbo la mundu. Damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kanda hii ilipimwa Bugando, na habari zikatangazwa mwaka 2018. Mtoto mmoja kati ya watano alibeba mbegu ya ugonjwa pasipo kuugua. Na 12 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Wazazi wawili wenye mbegu waweza kuwa wazima kabisa, wakashangaa mtoto analia mifupa, anakuwa na macho ya manjano, anavimba vidole. Majirani wataanza mambo yao. Kumbe ni damu, na kipimo kipo, na dawa ya kila siku iitwayo hidroksiyurea hupunguza maumivu yale. Vijana mnaotaka kufunga ndoa, pimeni. Mtoto huyo naye ahitaji yaleyale: dawa isiyokatika, mlango wa karibu, daftari.

Sasa tuingie nyumbani mwako, baba, na mwako, mama. Nini kifanyike?

Kwanza mpimwe presha, hata kama hamna kinachouma. Ni dakika chache, na mkanda hauchomi. Ikiwa kipimo ni 140 kwa 90 au zaidi, kirudiwe siku nyingine. Mtu aliyepanda kilima kwa haraka au aliyegombana na mkewe njiani asihukumiwe kwa kipimo kimoja. Kisukari hupimwa kwa tone la damu ya kidole. Mwenye kiu isiyokwisha, anayeamka usiku mara nyingi kukojoa, anayekonda huku anakula, mwenye kidonda mguuni kisichofunga, asingoje.

Chakula chetu cha asili hakina ubaya. Ugali wa muhogo au mtama, mlenda, maharage, sato, dagaa waliokaushwa juani pasipo chumvi, matobolwa: wazee walikula hayo na wakalima. Ubaya umeingia kwa mlango mwingine, yaani chumvi ya kuongezwa mezani, mafuta yanayorudiwa kukaangia, na soda ambayo siku hizi imekuwa heshima ya mgeni hata nyumba isiyo na mlango. Samaki wa chumvi waloweke, umwage maji. Na pombe kali na sigara, hizo hazihitaji mwandishi wa gazeti.

Lakini ukishaambiwa una presha, mchicha peke yake mara nyingi hautoshi. Utameza dawa. Presha yako ikishuka, imeshuka kwa sababu ya dawa, kama vile nyumba yako ilivyo kavu kwa sababu ya paa. Nani huezua paa kwa kuwa ndani hakuvuji?

Mama mwenye mtoto wa sindano za insulini asiye na friji, asikate tamaa. Chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kifunikwe na kuwekwa kivulini penye upepo, huipoza dawa vya kutosha kwa matumizi ya nyumbani. Bibi zako walipoza maji kwa akili hiyohiyo.

Juu ya fedha, kuna mambo wengi hawayajui. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa mwaka 1993, serikali iliweka pia msamaha: mama wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu kama kifua kikuu, ukoma, UKIMWI, saratani na kisukari. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikawataja na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kwa hiyo mzee wetu wa miaka 62 huenda hakupaswa kulipa hata senti. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Tena hapo pana jambo la kusikitisha: msamaha wa dawa isiyokuwapo kabatini ni msamaha wa hewa, maana utaambiwa hulipi, kisha utaelekezwa duka la mkabala. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mkutano wa kijiji au wa mtaa utakapozungumzia bima hiyo, usikae nyuma kabisa ukisinzia. Uliza hivi: mzee wa presha atapata vidonge vyake vya kila mwezi hapa zahanati, au mpaka hospitali ya mjini?

Na daftari je? Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamume na mwanamke. Akifika kwenu, msimpokee kama mkusanya ushuru. Mwambieni, "Andika na huyu mzee." Huo ndio mwanzo wa daftari. Pasipokuwa na mhudumu, jumuiya ndogondogo zetu hukutana kila juma, nazo zinajua nani hakuja kusali. Zashindwaje kujua nani hakwenda kliniki?

Zahanati ina kamati yake, nayo ina wawakilishi wa wananchi. Watu huchaguliwa humo wakaridhika na jina tu. Mjumbe wako umwulize, kwa adabu lakini bila kuchoka, maswali haya: Mashine ya presha ni nzima? Betri zipo? Vidonge vya presha viliisha lini, na viliagizwa lini? Wagonjwa wa presha walioandikwa mwaka jana ni wangapi, na wangapi bado wanakuja? Hilo la mwisho ndilo swali la Styblo. Mganga mfawidhi mwema atalifurahia, maana naye anahitaji watu wa kumsaidia kupiga kelele huko wilayani.

Na mzee wetu? Alilazwa siku kumi na moja. Sasa atembea kwa fimbo, mkono wa kulia umerudi nusu, na jina lake mwenyewe hulitamka kwa taabu. Vidonge hukaa katika kopo la majani ya chai juu ya kabati, na mjukuu wake wa darasa la nne ndiye msimamizi. Kila jioni baada ya chakula mtoto yule hukata alama kwa kalamu katika kalenda ya ukutani. Juzi vilibaki vinne. Mtoto akavihesabu, akaenda kwa bibi yake kumwambia kwamba Jumatatu ni siku ya kwenda.